Uzi Uliopungua Njinjo

Fatu alikuja Jumatano, siku chache baada ya arobaini ya mke wangu. Alitoka Kilangala kwa basi, akateremka Nangurukuru, akapakiwa kwenye lori la magunia mpaka Kivinje, na alipotokea mlangoni kwangu alikuwa na kikapu kichwani kama msichana, ingawa meno ya mbele hana tena hata moja. Ni binti wa shangazi yangu. Tangu ujana wetu tulikuwa hatujaonana, tulisikiana tu kwa salamu za wasafiri. Alimlilia marehemu, akala wali na samaki aliowekewa na binti yangu, akanawa mikono, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani angeweza kuniuliza. "Sele," alisema, "ile kofia ya baba yangu unayo?" Ninayo. Imekaa chini ya kasha miaka yote hii, imeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha bafta, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Nilipoitoa na kumwekea mapajani, alipitisha kidole ukingoni mpaka akafika pale ambapo matundu tisa hayajashonwa, akakiacha kidole pale. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini jambo moja kuhusu kofia ile: kwamba haikwisha kwa sababu nilihesabu uzi vibaya, na kwamba kosa hilo la hesabu ndilo lililoniweka mimi upande wa walio hai na kuwaacha upande wa pili watu walionizidi kwa kila kitu. Nilikuwa sijapata kumwambia mtu, hata mke wangu. Naandika sasa kwa sababu ya yale ambayo Fatu aliniambia jioni ile. Shule sikusoma, herufi hizi nilijifunza mwenyewe kwa kunakili maandishi ya kwenye masanduku ya dukani, na ukurasa huu nimeuandika mara nne na kuuchana mara tatu. Wanaonijua hawatashangaa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, nikishona kofia za viua hapa hapa Kivinje, wakati Mjerumani akiwa bomani. Kofia ya viua ni vitambaa viwili vilivyobanana. Unachora maua, unatoboa vitundu vidogo kwa ncha ya sindano, kisha unazungushia uzi kila kitundu mpaka ukingo wake uwe mgumu kama punje ya mtama. Hakuna fundi aliyenifunza. Nilichukua kofia kuukuu ya marehemu baba, nikaifumua mshono kwa mshono, nikaishona tena, nikaifumua tena, mpaka mikono ikajua. Ndipo nilipopata ufundi, na nadhani ndipo pia nilipopata ugonjwa, maana tangu hapo sikuweza kuona mshono bila kutaka kuufumua. Mtu mmoja mwenye nafasi yake mjini aliniagiza kofia ya harusi ya mwanawe. Niliifumua sehemu moja ile ile mara nyingi kiasi kwamba kitambaa kikachoka, kikachanika mkononi mwangu. Yule bwana alicheka tu, akaenda kwa fundi mwingine. Mimi nikaacha kula. Nilikuwa nikikaa barazani nahesabu nyufa za ukuta wa jirani, na nikikosea hesabu naanza upya, na mikono ikitetemeka hata kikombe cha kahawa kikawa kinalia kwenye kisahani. Mama alinitazama wiki mbili, kisha akasema, "Nenda Njinjo kwa shangazi yako ukapumzike. Na sindano uiache hapa." Nilimwambia ndiyo. Sindano niliichomeka ndani ya pindo la kanzu, na chini ya mkoba, chini ya chumvi na ng'onda, samaki wakavu wa kumpelekea shangazi, nikaficha bafta na kidonge kikubwa cha uzi.

Nilitembea siku tatu, peke yangu. Nangurukuru ya leo, yenye mabasi na wauza mihogo ya kukaanga, ilikuwa njia panda tu, na mzee mmoja aliyekuwa akiuza maji ya kunywa kwenye mtungi na kumuuliza kila mpitaji anakwenda kwa nani. Jua likianza kushuka nilibisha hodi nyumba yoyote, nikasema natoka Kivinje nakwenda kwa Somoe, mke wa Likwata, nikapewa mkeka na maji ya kuoga, kama ilivyokuwa desturi. Siku ya pili, kwenye mchanga mwekundu, niligundua kwamba nimetembea tangu asubuhi bila kuhesabu hatua. Nilisimama katikati ya njia kwa mshangao, kama mtu aliyejipapasa akakuta jino linalouma limenyamaza.

Shangazi Somoe nilimkuta anatwanga. Aliuacha mchi ndani ya kinu akajifuta mikono kwenye kaniki. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, baba," alinijibu, maana nilipewa jina la babu, baba yake mzazi, na yeye hakuweza kuniita vinginevyo. Akanizunguka kama anayekagua mbuzi. "Mbona umekuwa kijiti cha kuchokorea meno? Kivinje hamli?" Kutoka ndani sauti ya msichana ikasema, "Labda wamemtuma kwetu tumnoe." Huyo ndiye alikuwa Fatu, wakati ule wa miaka kumi na mitano, na kwa desturi ya huko mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, wanaitana mume na mke na hakuna wa kukasirika. Nilipewa chumba cha nyuma. Juu ya kitanda cha kamba kulikuwa na uchaga wa mahindi, na moshi wa jikoni ulipenya ukutani ukayakausha, nami nikawa nakauka pamoja nayo. Mpaka leo nikisikia harufu ya gunzi lililopigwa moshi, mabega yangu yanashuka yenyewe. Asubuhi tulikula maboga ya kuchemsha. Mchana ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na mara moja moja kambale wa mto Matandu, na ng'onda zangu shangazi alizikata vipande vidogo sana ili ladha ya pwani ikae wiki nyingi. Nilikula sahani moja na Mzee Likwata, mume wa shangazi, mtu mrefu, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba alikuwa anashiba mapema kuliko mimi, lakini hakuutoa mkono wake sahanini. Alikuwa akimega tonge dogo, analizungusha kwenye mboga, analirudisha, analizungusha tena, mpaka aone mgeni ameridhika. Ndipo ananawa. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha upole kwa namna ya kimya kiasi kile, na mimi nilikuwa nimekaa nahofia tu kama matonge yangu yanatosha ukubwa.

Siku ya tatu shangazi aliiona sindano. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, nimejificha kama mwizi. Hakuninyang'anya. Alichuchumaa, akaitazama bafta, akasema, "Shona. Lakini kwangu hakuna kufumua. Ukifumua, siku hiyo huli." Nilidhani ni mzaha. Kesho yake nilifumua mishono minne, na mchana sahani ililetwa mbele ya Mzee Likwata tu. Mzee alinitazama, akatazama mlango wa jiko, akasogeza ugali upande wangu kwa kiwiko. Kutoka jikoni shangazi akasema, "Nimeona." Tulicheka sote watatu, na Fatu akacheka zaidi. Sikufumua tena.

Mtama ulikuwa unaanza kukomaa, kwa hiyo kazi niliyopewa ilikuwa kuamia ndege. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, kijumba cha miti kilichosimama juu ya nguzo nne, na kutoka pale kamba zilikwenda pande zote zikiwa zimetundikwa vibuyu vyenye kokoto ndani. Ndege wakitua, unavuta kamba na shamba zima linalia. Nilipanda kila asubuhi na sindano yangu. Ninashona tundu, ninavuta kamba, ninashona tundu. Hakukuwa na mtu wa kuisifu kazi wala wa kuikosoa, na upepo ulipita kwenye mtama kama mtu anayepangusa vumbi taratibu. Fatu alikuwa upande wa bondeni na kombeo lake. Ndege waliponizidi alikuja chini ya dungu akasimama mikono kiunoni.

"Mume wangu wa mjini, wamekula nusu ya shamba. Unahesabu matundu?"

"Nimeshavuta kamba."

"Umevuta moyoni. Mimi sikusikia kitu." Akapanda ngazi, akaichukua kofia, akaigeuza. "Ukinioa wewe, utanifumua kila Jumamosi unishone upya."

"Na wewe utaniponda kwa kombeo."

"Kila Jumatatu," alisema, akateremka.

Wiki nne zilipita hivyo, au tano. Mikono iliacha kutetemeka bila mimi kujua siku gani. Nakiri kwamba sikuwahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada, na nimeona aibu kukiri, kwa sababu katika wiki zile zile watu wa nyumba ile walikuwa wanapigwa. Pamba haikuwa yetu. Lilikuwako shamba kubwa la pamba, la amri ya Mjerumani, na kila kaya ilitoa watu wa kulilima kwa siku walizopangiwa, chini ya msimamizi mwenye kiboko, wakati mtama wao wenyewe ukiliwa na ndege. Hii ndiyo sababu dungu lilinihitaji mimi. Siku za pamba shangazi na mzee waliondoka alfajiri, wakarudi jioni. Siku moja Mzee Likwata alirudi kichwa wazi, kofia yake ameishika mkononi. Ilikuwa na tope, na juu ya tope umbo la kiatu. Shangazi alinyoosha mkono kuipokea aifue, akakataa. Aliifua mwenyewe, nyuma ya nyumba, akaianika juu ya paa la kibanda cha kuku, akakaa ndani mpaka ikauke, maana hakutaka kuonekana nje kichwa wazi. Ilipokauka umbo la kiatu lilikuwa bado lipo.

Kofia niliyokuwa nashona nilikuwa naishona kwa ajili ya kushona tu. Siku ile nilijua ni ya nani. Niliingia chumbani kwake na kamba nikaomba kumpima. Aliinamisha kichwa mbele yangu, mtu mzima yule, nywele zimeingia mvi, na kovu jipya nyuma ya sikio ambalo sikulitazama mara mbili. "Pima vizuri," alisema. "Kichwa hiki siku hizi kinapungua." Kisha akaniuliza, kwa unyenyekevu uliokuwa ukiniumiza, kama ingewezekana ikawa tayari kabla ya mwezi kuandama. Wazee wa pale walikuwa na safari ya kwenda upande wa Rufiji kumwona mganga mmoja mwenye dawa ya maji, naye alitamani aende amevaa kitu kizima. Nilimwambia itakuwa tayari. Niliupima uzi wote kwa mikono iliyonyooshwa, pima baada ya pima, nikachora alama za mkaa kwenye nguzo ya dungu. Kwa matundu yaliyobaki uzi ungetosha, na zingesalia pima nne. Nilipima mara tatu. Nne, nne, nne.

Kuhusu dawa ile ya maji niliambiwa kwamba inafukuza ndege na nguruwe na kurudisha mavuno, na niliamini hivyo, kwa kuwa ndivyo watu walivyosema hadharani. Lakini mchana mmoja nilikuwa nimelala dunguni, uso nimeufunika kwa mkeka, na shangazi na jirani yake mmoja wa kiume walisimama kivulini chini yangu. Walizungumza Kimatumbi, wakijua mtu wa mjini hasikii, na mimi kwa wiki zile nilikuwa nimeanza kusikia kila kitu.

"Huyu wa kwenu atakunywa au hanywi?"

"Mgonjwa huyu. Amekuja kupumzika."

"Somoe, si mimi ninayeuliza. Wanauliza wakubwa. Anatoka kule bomani. Asipokunywa watasema ametumwa. Akinywa, basi ni wetu, atatembea na wenzake siku ikifika."

"Atakunywa uji wangu."

Jirani alicheka, shangazi naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Nililala pale juu nikiwaza wanazungumzia siku ya kwenda kufukuza nguruwe. Kweli niliwaza hivyo. Nilikuwa na akili ya kugundua uzi uliopinda kwa unene wa unywele, na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa linasemwa chini ya miguu yangu nami nikarudi kwenye kushona.

Siku tano kabla ya mwezi kuandama, yakiwa yamebaki matundu tisa, niliingiza mkono mkobani kuchukua kipande cha mwisho cha uzi, nikakosa. Niliumwaga mkoba wote mkekani. Nilipanda dungu nikatafuta kati ya miti, nikateremka nikatafuta kwenye mtama, nikazitazama alama zangu za mkaa mpaka machozi yakanitoka. Alama zilisema zimebaki pima za kutosha, mkoba ulisema hakuna. Basi mkosaji ni mimi. Mikono ilianza kutetemeka upya, pale pale. Mzee Likwata aliichukua kofia, akaivaa, akasema inamtosha hivyo hivyo na hakuna atakayemkagua kisogoni. Ilimkaa vizuri sana. Nilimwomba aivue. Nilimwambia siwezi kuiacha vile, sitalala, nitakwenda Kivinje kuchukua uzi na kurudi mbio. Nilitazamia wanikataze. Shangazi alikuwa anapepeta mtama, hakuuinua uso. "Basi nenda," alisema. "Kesho asubuhi. Kofia uende nayo, ulinganishe uzi."

Mizigo ya chakula aliyonifungia niliicheka. Njugu mawe za kuchemsha, mihogo mikavu, unga wa uji, ng'onda zangu mwenyewe zilizobaki. "Shangazi, njia ni siku tatu. Hiki ni cha siku sita." "Wewe mlaji," alisema, yeye aliyenibembeleza nile wiki tano. Aliniwekea viganja vyake viwili mashavuni, na vilikuwa na vumbi la unga, akaniombea kheri ya njia kwa Kiarabu kile kidogo alichokuwa nacho. Hakuniuliza nitarudi lini. Niliona hilo, nikalielewa kwa namna ya kwangu: amechoka na mgeni asiyejua hata kuhesabu uzi. Fatu hakunitania. Alisimama mlangoni anachezea kombeo. Mzee Likwata alinisindikiza mpaka kivukoni Matandu, akanishikia mkoba mpaka maji yalipokuwa ya magotini, na pale ndipo aliponipa maneno mengi kuliko aliyonipa siku zote. "Usinunue uzi wa kwanza utakaouona. Zunguka maduka. Uufananishe sawasawa. Mimi sitaki kofia ya rangi mbili, umenisikia?"

"Na safari yako, mzee?"

"Safari itaningoja."

Nilivuka. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, na kichwani ana ile ya zamani.

Lile la siku zilizofuata ndilo nililoshindwa kulisema kwa mtu yeyote. Nilifika Kivinje na ningeweza kununua uzi asubuhi ile ile na kurudi. Nilizunguka maduka matatu. Mmoja ulikuwa mweupe wa chokaa, mwingine mweupe wa pembe, na wangu ulikuwa katikati. Nilitoka nao juani, nikarudi nao ndani, nikatoka tena. Mwenye duka la tatu alisema mzigo mwingine unakuja wiki ijayo, nikangoja. Siku kumi na moja nilikuwa nachagua weupe. Siku ya kumi na mbili niliupata, ukafanana sawasawa, nikaufunga kwenye kitambaa, na nilipofika mwisho wa mji nikakuta watu wanakuja mbio upande wangu na vitanda vyao vichwani. Pamba imeng'olewa huko ndani, walisema. Njia zimefungwa. Nilisimama pale na uzi wangu mfukoni mpaka askari wakanirudisha.

Vita vya Maji Maji sitavisimulia. Sikuviona, na walioviona ndio wenye haki ya kuvisema au kuvinyamazia. Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa zikaja habari, moja moja, kwa watu waliokuwa wamekonda kiasi cha kutotambulika. Mzee Likwata alikwenda na wenzake na hakurudi. Nyumba ilichomwa, na dungu, na mtama ukiwa ghalani. Shangazi Somoe alikufa porini. Fatu alitembea na watu wengine mpaka upande wa Lindi, akaolewa Kilangala. Nilishona kofia maisha yangu yote, zimevaliwa mpaka Unguja, na watu wakanisifu kwamba kazi yangu haina kosa. Kila waliponisifu nilikumbuka pima nne. Kama ningehesabu sawa, mzee angekwenda na kofia nzima kichwani. Kama nisingechagua weupe, ningekuwa nao. Na chini ya hayo mawili palikuwa na la tatu, baya zaidi, ambalo nitaliandika kabla sijapata hofu: kila nilipowaza kwamba ningekuwa nao, nilishukuru kwamba sikuwa.

Haya ndiyo niliyomwambia Fatu jioni ya Jumatano, nikiwa nimetazama kofia mapajani mwake. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, na kisha akafanya kitu nilichokuwa nimekisahau, akasimama mikono kiunoni, mzee yule.

"Uzi haukupungua, Sele."

Akaketi tena.

"Baba ndiye aliyeingiza mkono mkobani mwako, ulipokwenda kuoga. Mama akauficha ndani ya chungu cha mbegu. Mimi nilikuwepo."

"Lakini mzee aliitaka kofia ile."

"Aliitaka sana. Mama alimwambia, huyu hapumziki na kazi ambayo haijaisha. Tukimwambia ondoka atakataa, tukimwambia sababu ataondoka nayo usoni, na askari watamsoma kabla hajasema neno. Uzi ukiisha, atakwenda mwenyewe. Baba akasema, na akirudi? Mama akacheka. Akasema, atakaa siku kumi anafananisha uzi, huyo namjua. Baba akasema, basi mimi nitamwongezea siku." Fatu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilitaka kukuletea habari. Lakini haya si ya kumpa mtu wa njiani akufikishie. Na mguu wangu haukuwahi kupata sababu ya kuja huku, mpaka msiba wako."

Nilimuuliza uzi ulikwenda wapi. Sijui kwa nini niliuliza hilo kati ya yote, ila ndivyo nilivyo. Alisema walipokimbia, mama yake alibeba chungu cha mbegu na uzi ukiwa ndani. Porini ulishona kaniki zao zilipochanika kwa miiba, na kila mara mama akivuta uzi alisema huu ni wa fundi, haukatiki. Ulifunga mfuko wa mbegu, mpaka mbegu zenyewe zikaliwa. "Kipande cha mwisho nilimfungia mama vidole gumba vya miguu," alisema, "kama inavyotakiwa. Sanda hatukuwa nayo. Lakini vidole nilimfunga." Alipima kwa mikono yake hewani, kutoka kifuani mpaka kwenye ncha za vidole. "Kilikuwa kama hivi."

 Binti yangu alileta chai, akatuona, akaiweka, akaondoka. Baadaye Fatu aliichukua kofia akanivalisha, akairekebisha kwa mbele, akarudi nyuma kunitazama. "Kichwa chako kimekuwa cha baba," alisema. Nilinyanyua mkono kuivua, akanipiga kofi dogo juu ya kiganja, na nikauacha mkono ushuke.

Alibaki nami mpaka Ijumaa. Mchana wa Ijumaa nilikwenda msikitini nikiwa nimeivaa, kwa mara ya kwanza, na matundu tisa wazi kisogoni, mahali ambapo safu yote ya nyuma ingeyaona. Mimi niliyekuwa nikirudi nyumbani kubadili kanzu kwa doa la kahawa. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, kijana mmoja fundi kofia, mwenye macho makali kama yangu ya zamani, alinigusa begani kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Samahani, kofia yako nyuma haijamaliziwa. Niichukue nikakuwekee uzi?"

"Marahaba, mwanangu," nilimjibu. "Iache. Uzi wake ulitumika kwingine."